Kwenda Lisbon na somo yangu kuitazama dhahabu ya Kilwa

Kila tuliyemwambia kwamba likizo yetu tunaipeleka Ureno alituuliza kwa nini si Paris, au Roma, au hata London ambako angalau tuna ndugu. Jibu letu lilikuwa moja: tunakwenda kuiona dhahabu ya Kilwa. Wengi walinyamaza kidogo, kisha wakauliza dhahabu ipi hiyo. Swali hilo lilitoka hata kwa watu waliosoma historia mpaka chuo kikuu, na ndilo lililonifanya niandike.

Dhahabu yenyewe ipo Lisbon, katika jumba la makumbusho linaloitwa Museu Nacional de Arte Antiga, mtaa wa Janelas Verdes. Imefanywa monstransi. Kwa wasio Wakatoliki, monstransi ni chombo kirefu chenye tako chini na kioo katikati. Padri huweka ndani yake hostia iliyokwisha kugeuzwa Mwili wa Kristo, akaisimamisha altareni au akaibeba kwenye maandamano, na waamini wakaabudu. Hii ya Lisbon inaitwa Custódia de Belém. Aliitengeneza sonara Gil Vicente kwa amri ya Mfalme Manuel wa Kwanza, ikakamilika mwaka 1506, na dhahabu yake ni ile ambayo Vasco da Gama alirudi nayo mwaka 1503 baada ya kumbana mtawala wa Kilwa.

Somo yangu ni mtu wa Kilwa. Tunaitana somo kwa sababu jina letu ni moja, lile la mama yake Yesu. Kwao wanamtaja kuwa mama wa Nabii Isa, na jina alipewa nyumbani kwa dua na ubani. Mimi nilibatizwa nalo Ndanda, kwenye misheni ya Wabenediktini. Tulikutana bweni, yeye kitanda cha chini mimi cha juu, na urafiki haujakatika tangu hapo. Baba yake alikuwa nahodha wa mashua pale Kilwa Masoko, na wageni waliotaka kuvuka kwenda Kisiwani kuangalia magofu aliwavusha yeye. Kwa hiyo somo amekua akicheza kati ya nguzo za Msikiti Mkuu na kwenye vyumba vya Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Mimi nimekua nikipiga magoti mbele ya monstransi jioni za kuabudu, moshi wa ubani ukipanda na kengele ndogo ikilia. Kama kuna watu wawili waliostahili kusimama pamoja mbele ya chombo kile, ni sisi.

Viza ya Schengen sitaielezea kwa urefu, maana kila aliyeiomba ana simulizi yake. Ada ya mtu mzima sasa ni yuro 90 na hairudi ukinyimwa. Bima ya safari isipungue yuro 30,000. Utatakiwa taarifa za benki, barua ya mwajiri, tiketi ya kwenda na kurudi na mahali pa kulala. Ombi likishapokelewa kwa kawaida hupewa siku 15, lakini kinachochelewa hasa ni kupata miadi, kwa hiyo anzeni mapema. Iliniuma kumwona mtu wa Kilwa akikusanya makaratasi kuthibitisha kwamba hatabaki huko, katika nchi ambayo mali ya kwao imekaa zaidi ya miaka 500. Nililisema hilo wakati ule na ninalirudia hapa.

Lisbon imekaa juu ya vilima, mto Tejo ukiwa chini yake, mpana kiasi kwamba mgeni hudhani ameshaiona bahari. Njia za waendao kwa miguu zimepangwa vijiwe vidogo vya chokaa, vyeupe na vyeusi, kimoja kimoja kwa mkono, mpaka vinafanya mawimbi na maua. Mvua ikinyesha vinateleza, basi chukueni viatu vya soli ya mpira. Kuta za nyumba nyingi zimevikwa vigae vya rangi wanavyoviita azulejo. Tramu ya njano namba 28, ile ya kwenye picha zote, ilikuwa imejaa watalii hata mwezi wa Oktoba, nasi tukapanda Alfama kwa miguu. Sikujuta. Ngazi zake nyembamba, nguo zilizoanikwa dirishani na mabibi waliokaa mlangoni wakiangalia nani anapita, vyote vilimkumbusha somo vichochoro vya mji wa pwani.

Mtaa wa chini, Baixa, ni habari nyingine kabisa. Barabara zake zimenyooka na kukatana sawasawa, kwa sababu mji wa zamani ulianguka. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa kanisani, ardhi ilitetemeka. Waliokimbilia ukingoni mwa mto wakakutwa na mawimbi ya tsunami, na mishumaa na majiko vikaanzisha moto uliowaka kwa siku kadhaa. Waziri wa mfalme, anayejulikana kwa cheo cha Marquês de Pombal, ndiye aliyesimamia ujenzi mpya. Ndani ya kuta za nyumba hizo waliweka fremu za mbao zilizofungamana, ili ardhi ikitikisika tena nyumba iyumbe bila kuvunjika. Mfano wake waliujaribu kwa kuwapitisha askari wakipiga miguu kwa kishindo kuuzunguka.

Ukipanda kutoka hapo utafika kanisa la Carmo, ambalo paa lake lilianguka siku ile. Matao yake yamebaki wazi chini ya anga. Somo alikaa pale muda mrefu. "Gofu lao liko katikati ya mji," akaniambia, "mtoto akienda shule analiona. Letu mpaka uvuke maji, na ukishavuka uwe na hela ya kibali." Nje ya kanisa hilo kuna kiwanja chenye miti, na kambi ya askari pembeni. Humo ndimo Marcelo Caetano, kiongozi wa serikali ya kidikteta, alijisalimisha tarehe 25 Aprili 1974, siku watu walipowachomeka askari maua mekundu mdomoni mwa bunduki. Mimi ninatoka upande wa Nachingwea. Wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, walipata mafunzo kule, na wazee wetu wanakumbuka malori yakipita usiku kuelekea Ruvuma. Maofisa wa Ureno waliipindua serikali yao kwa sababu walikuwa wamechoka na vita visivyokwisha vya Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Niliposimama kwenye kiwanja kile nilijisikia fahari kubwa kwamba sehemu ya uhuru wa Wareno ilipiganiwa kwetu.

Sasa niende Janelas Verdes.

Jengo ni kasri la zamani lenye bustani inayotazama bandari. Somo alikuwa ameshasema kwamba hataki kuona kitu kingine chochote cha Kireno kabla ya hicho, na vilima na makanisa niliyoyataja tuliyazunguka baadaye. Tukapita picha za watakatifu, tukapita vigae na vyombo vya kaure kutoka China, mpaka ukumbi wa kazi za masonara. Nilidhani ningekuta kitu kikubwa. Hakifiki hata mita moja. Kimesimama peke yake ndani ya kabati la kioo, kikiwa kimemulikwa kutoka juu, na dhahabu yake haina ule ung'aavu wa kelele wa dukani. Ni ya manjano iliyotulia.

Ukisogea, kazi ya mikono inaanza kuonekana. Tako limepambwa kwa maua na ndege wa rangi. Juu yake kuna matufe ya pete, alama ya Mfalme Manuel aliyotaka iwaambie watu kwamba dunia iko mkononi mwake. Katikati, pale inapokaa hostia, Mitume 12 wamepiga magoti kuzunguka, kila mmoja na joho lake na uso wake. Juu yao ananing'inia njiwa wa Roho Mtakatifu, na juu kabisa yuko Mungu Baba. Vinguzo vyake ni vyembamba kama vijiti vya kufumia. Fundi aliyefanya vile alikuwa na imani au alikuwa na ustadi usio wa kawaida. Nadhani alikuwa na vyote viwili.

Kisha ukiinama unakuta maandishi yanayozunguka tako. Ni Kireno cha zamani, kwa herufi kubwa, na yanasema kwamba mfalme mtukufu Dom Manuel aliamuru itengenezwe kutokana na dhahabu na kodi ya utii ya Kilwa, ikamalizika mwaka 1506. Jina limeandikwa QILVA. Somo aliweka kidole kwenye kioo akalisoma kwa sauti kama wanavyolitamka kwao. Halafu akalisoma tena. Mlinzi alisogea kutukataza kugusa kabati, akamtazama usoni, akauliza kwa Kiingereza kama ametoka huko. Somo akajibu ndiyo, huko ndiko kwetu. Yule mlinzi hakusema kitu zaidi, ila alituonyesha upande ambao maandishi yanasomeka vizuri.

Hapa sina budi kueleza maana ya kodi ya utii, kwani msomaji anaweza kufikiri ni ushuru wa kawaida wa biashara. Kilwa ndiyo iliyoshika biashara ya dhahabu ya Sofala, iliyotoka nyanda za juu za Zimbabwe. Ibn Battuta aliifika mwaka 1331 akaisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa aliyoiona. Wareno walipofika kwa mara ya kwanza na msafara wa nahodha wao Cabral mwaka 1500, mapatano hayakupatikana. Mwaka 1502 Vasco da Gama alikuja na merikebu za vita, akamtishia Amiri Ibrahim kwamba mji utapigwa mizinga kama hatakubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa dhahabu kila mwaka. Amiri alilipa. Mwaka 1505 akaja Francisco de Almeida na jeshi kubwa zaidi, akaingia Kilwa mwezi Julai, mji ukaporwa, Ibrahim akakimbia. Mwezi uliofuata Mombasa ikachomwa moto. Pale Kisiwani Wareno walijenga ngome, na mwaka 1512 wakaiacha kwa kuwa mji waliouvamia kwa ajili ya biashara haukuwa na biashara tena.

Kwa hiyo wakati Gil Vicente anawapaka Mitume rangi, Kilwa ilikuwa imeshavunjwa.

Nilisimama pale nikiwa na mambo mawili yanayovutana. Mimi ni Mkatoliki na ninaiamini Ekaristi kwa moyo wangu wote. Nilipoona kile kioo kidogo ambacho hostia ilikaa, goti langu lilitaka kwenda chini kama lilivyozoea tangu utoto. Na pembeni yangu yuko somo, ambaye babu wa babu zake walikuwa katika mji ule. Sikupiga goti. Nilimshika mkono. Nilimwomba Mungu, kimya kimya, awarehemu watu waliofikiri kwamba kitu kilichochukuliwa kwa mizinga kinaweza kuwa sadaka. Biblia niliyofundishwa kule misheni inakataza sadaka ya dhuluma, katika Yoshua bin Sira, na mfalme yule alikuwa na mapadri wa kumsomea.

Siku nyingine tulipanda tramu namba 15 kwenda Belém, magharibi mwa mji, mahali merikebu zilipoanzia safari. Kuna monasteri ya Jerónimos, ambayo ujenzi wake ulianza mwanzoni mwa karne ya 16 kwa kutumia sehemu ya mapato ya biashara ya Afrika na Mashariki, moja ya ishirini. Monstransi yetu iliwahi kuwa mali ya monasteri hiyo, kwani Manuel aliwaachia watawa kwa wasia. Jiwe lake limechongwa kamba, matumbawe na mimea, mpaka unashindwa kuamini kwamba ni jiwe. Ukiingia kanisani, karibu na mlango, yupo Vasco da Gama. Alifia Kochi, India, Desemba 1524, na mabaki yake yaliletwa hapa mwaka 1880. Sanamu yake imelala juu ya kaburi mikono ikiwa imeunganishwa kwa sala, na ubavuni imechongwa merikebu.

Watalii walikuwa wakipiga picha. Sisi tulikaa kwenye benchi. Nilitegemea kuwa na hasira na sikuwa nayo pale, labda kwa sababu ni kanisa, au kwa sababu maiti ya mtu haibishani. Somo alisema jambo ambalo sikulitegemea: kwamba kwenye vitabu vyetu vya shule da Gama amepewa mistari mingi, Malindi na nguzo yake, rubani aliyemwonyesha njia ya India, tarehe zote. Amiri Ibrahim hana hata picha ya kubuni. Watoto wa Kilwa wanajua alikozikwa mtu aliyewatishia, na hawajui alikokimbilia mtawala wao.

Mnara wa Belém na lile sanamu kubwa la mabaharia, Padrão dos Descobrimentos, nitavipita haraka. Lile sanamu lilisimamishwa kwa zege mwaka 1960, enzi ya dikteta Salazar, na linasema kwa sauti kubwa yale ambayo monstransi inayasema kwa sauti ya chini. Miongoni mwa watu waliochongwa juu yake mwanamke ni mmoja tu, naye ni malkia. Andazi la maziwa na mayai linalouzwa jirani, ambalo duka lake lipo tangu 1837, ni tamu kweli. Somo aliuliza kwanza kuhusu mafuta ya nguruwe, kama alivyouliza kila mahali, na wauzaji hawakuchoka kumjibu.

Kilichonikaa zaidi kuliko Belém ni kiwanja cha São Domingos, hatua chache kutoka Rossio. Mchana wowote utakuta Waafrika wamesimama makundi makundi, wengi wao watu wa Guinea-Bissau, kina mama wakiuza viungo na njugu, wanaume wakisalimiana kwa mikono miwili. Tulifika tukajiona tuko nyumbani. Katikati ya kiwanja kuna jiwe la kumbukumbu lenye Nyota ya Daudi, lililowekwa mwaka 2008. Mwezi Aprili 1506, mwaka uleule wa monstransi, umati uliochochewa na watawa uliwaua mamia kwa mamia ya Wayahudi waliokuwa wamelazimishwa kubatizwa, na mauaji yalianzia hapo kanisani. Mfalme ni yuleyule Manuel. Alikuwa ameshatoa amri mwishoni mwa mwaka 1496 kwamba Wayahudi na Waislamu watoke kwenye nchi yake. Niliposoma lile jiwe ndipo nilipoelewa kwamba tulichokiona Janelas Verdes kina upande wake wa hapa pia. Dhahabu ilichukuliwa kwa Waislamu wa Kilwa na mtu aliyekuwa akiwafukuza Waislamu wa Lisbon.

Lakini Waislamu wamerudi, na hilo lilimpa somo furaha isiyo na kifani. Ijumaa alikwenda Msikiti Mkuu wa Lisbon, karibu na Praça de Espanha, uliofunguliwa mwaka 1985. Jumuiya iliyoujenga ilikuwa hasa ya watu waliotoka Msumbiji wenye asili ya India, waliohamia baada ya uhuru, pamoja na watu wa Guinea-Bissau. Nilimsubiri nje nikisikia khutuba ya Kireno yenye aya za Kiarabu. Alitoka akiwa ameshikana mikono na mama mmoja aliyemzidi umri mara mbili, wakizungumza Kiswahili.

Yule mama ni wa Mocímboa da Praia, Cabo Delgado. Lugha yake ni Kimwani, lakini Kiswahili anakijua kama watu wengi wa pwani ile, kwani Mtwara kwao ni jirani kuliko Maputo. Tulimpa shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti iliyokatika katikati. Alituambia vita vilivyoanza mwaka 2017 ndivyo vilivyomtoa, na mwanawe aliyekuwa Lisbon tangu zamani akamleta. Hakukubali tuondoke bila kufika kwake. "Wanangu mtalaje mkate wa baridi na mimi nipo?"

Akatupikia matapa. Kwa mtu wa kusini, matapa ni kisamvu: majani ya muhogo yaliyotwangwa, tui la nazi, karanga zilizosagwa, na yeye alitia kamba wadogo. Muhogo wenyewe, pamoja na korosho ambazo ndizo maisha ya mikoa yetu, vililetwa pwani na Wareno hao hao kutoka Brazili. Nilimwambia hivyo, akasema anajua, babu yake alimwambia kwamba kila mgeni mbaya huacha mbegu. Kilwa aliijua kwa jina, kwani mashua za kwao zilikuwa zikienda huko na Mafia. Habari ya dhahabu hakuwa ameisikia. Anaishi mji mmoja na monstransi, hajaambiwa na mtu. Somo alimwonyesha picha kwenye simu, akaisogeza karibu na macho, akasoma QILVA mwenyewe. Kisha akauliza, "Sasa mtaichukua lini?"

Swali lile tulibishana juu yake njia nzima ya kurudi hotelini, na bado tunabishana. Mimi ninaona irudi. Haikutolewa kwa hiari, na chombo chenyewe kimeandikwa ushahidi. Somo haoni hivyo. "Nirudishiwe monstransi niifanyie nini?" anasema. "Waiweke wapi pale Kisiwani, msikitini?" Ametulia akilizungumza jambo hili kuliko mimi. Anasema dhahabu ya wazee wake imeshageuka kuwa ibada ya watu wengine, na kuiyeyusha ingekuwa kuharibu kazi ya fundi asiye na kosa. Anachotaka yeye ni Ureno ilipie magofu. Bahari inakula kuta za Kilwa Kisiwani. Magofu yale ni urithi wa dunia tangu 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalikuwa kwenye orodha ya UNESCO ya maeneo yaliyo hatarini. Yametengenezwa sehemu, na bado kazi ni kubwa. Mwenye dhahabu na atengeneze ukuta, hivyo ndivyo anavyosema, na kila nikitafuta jibu la kumshinda ninakosa.

Tunapokubaliana ni kwenye kufundisha. Kule kusini kila mtoto anajua habari ya mjusi wa Tendaguru, mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Lindi kuanzia 1909 na Wajerumani, iliyopo Berlin. Wabunge wameizungumza, wazee wameidai. Dhahabu ya Kilwa haina mdai kwa sababu haina anayeijua. Ningependa pawe na picha kubwa ya monstransi pale Kilwa Masoko, mahali wageni wanapokata vibali, na maandishi yake yametafsiriwa kwa Kiswahili. Ningependa pia Kanisa letu liizungumze. Sisi Wakatoliki wa Tanzania ndio tunaoweza kuwaambia wenzetu wa Ureno, kama ndugu wa imani moja, kwamba chombo kile kina deni, na tukanena kwa upendo bila kuogopa.

Somo ameshaanza. Alipofika nyumbani alimwonyesha baba yake picha, naye akaomba zichapwe kwenye karatasi ngumu. Sasa mashua ya familia, ambayo inaendeshwa na kaka yake, inazo, na mgeni akivuka anaonyeshwa kabla hajakanyaga Kisiwani.

Kwa atakayekwenda: Jumatatu jumba la Janelas Verdes na monasteri ya Jerónimos hufungwa, hivyo msipange siku hiyo. Treni ya Cascais kutoka Cais do Sodré inasimama Santos, na kutoka hapo ni mwendo mfupi wa miguu kwenda makumbusho. Treni hiyo hiyo inafika Belém. Chakula halali kipo tele mitaa ya Martim Moniz, na samaki wa kuchoma na pweza aliyeokwa kwa mafuta ya zeituni na vitunguu saumu vipo kila mahali; somo, aliyelelewa kwa pweza wa Songosongo, aliridhika naye. Jiji linatoza yuro 4 kwa kila usiku kwa mgeni, nje ya bei ya hoteli. Anzeni na monstransi, ndipo mwende Belém. Na mkifika mbele ya kabati, zungukeni mpaka nyuma, muiname, mtafute herufi tano zinazoanza na Q.